Nani Alimpa Mabruki Ufunguo wa Mnara?

Leo sihakiki kitabu cha mtu. Nahakiki sura yangu mwenyewe, sura ya saba ya riwaya ambayo nahangaika nayo mwaka wa tatu sasa. Kupitia sura hiyo nataka kusema neno juu ya hadithi nyingi tunazoleta katika kurasa hizi. Naanza na yangu makusudi, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule.

Riwaya yenyewe ni ya kihistoria. Mhusika mkuu ni Mabruki, hamali wa bandarini Unguja. Katika sura ya saba, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Mabruki anapanda mnara wa saa wa Beit al-Ajaib. Akiwa kule juu anaziona manowari za Waingereza zimejipanga baharini. Saa inagonga saa tatu juu ya kichwa chake, na hapohapo mzinga wa kwanza unalia.

Niliisoma sura hiyo katika kikao chetu cha Jumamosi pale Kinondoni. Watu walikaa kimya mpaka mwisho. Mshikaji mmoja akasema, "Hii sasa ni sinema." Basi kichwa kikavimba. Nilirudi Tandika nimesimama kwenye daladala safari nzima na wala sikusikia miguu kuuma.

Dada mmoja tu ndiye hakupiga makofi. Alinyoosha mkono akasema, "Kaka, mimi nina swali dogo. Huyo Mabruki ni hamali. Katika nyumba ya Sultani, tena siku ya vita, nani alimpa ufunguo wa mnara?"

Nikamjibu, "Dada yangu, hii ni riwaya." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lile nililala nalo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Mchana namsaidia kaka yangu kwenye duka lake la steshenari, natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Usiku akiniruhusu nachapa za kwangu. Kwa hiyo siku ninayokwenda maktaba ni siku ninayokosa hela ya kula. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba sikwenda kwa sababu mimi ni msomi sana. Nilikwenda kwa sababu ya aibu. Na aibu ilikuwa na haraka, maana nakala moja ya mswada nilikuwa nimekwisha kumpelekea mchapishaji.

Nilishuka Kariakoo, nikatembea kupitia Mnazi Mmoja mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliko Maktaba Kuu ya Taifa. Jengo lile lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za Uhuru. Miaka sita tu ya kujitawala, nchi ina mahitaji chungu nzima, na wakaona siku ya Uhuru inafaa kufungulia nyumba ya vitabu. Kwa sheria, mchapishaji wa kitabu hapa nchini anatakiwa kupeleka nakala zake huko zihifadhiwe. Maana yake ni kwamba siku riwaya yangu ikichapwa, itaingia ndani ya jengo lile hata kama hakuna duka litakaloinunua. Niliacha begi mlangoni, nikaingia na daftari na kalamu.

Shule niliyosoma ilikuwa na maktaba pia, yaani kabati moja la mbao lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja ambaye kila ukimwendea yuko kikaoni. Kwa miaka minne vile vitabu niliviona migongo tu kupitia kioo. Kwa hiyo mtu akinionyesha rafu iliyo wazi na kuniambia chukua unachotaka, mpaka leo nageuka nyuma kuangalia kama kuna anayeniita.

Nilianza na historia ya Unguja. Nilitafuta habari za ufunguo, nikakutana na habari mbaya zaidi.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijua habari za nguzo zake za chuma, baraza zake pana, umeme wake na lifti yake, vitu vilivyowafanya watu waiite nyumba ya maajabu. Nisilolijua ni kwamba mnara ule wa saa tunaouona katika kalenda na kadi za posta, ule uliotoka kifuani mwa jumba kwa mbele, Barghash hakuujenga. Wakati wake mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukiwa mnara wa taa ya kuongozea vyombo. Manowari zilipopiga mizinga asubuhi ile ya mwaka 1896, mnara huo uliharibiwa. Nyumba za kifalme za jirani nazo zilipigwa vibaya, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, na Beit al-Ajaib yenyewe ikapata madhara kidogo. Ilipokarabatiwa mwaka 1897 ndipo mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Nilimpandisha Mabruki mwezi Agosti 1896 katika mnara uliojengwa 1897. Swali la dada lilikuwa nani alimpa ufunguo. Jibu ni kwamba mlango wenyewe haukuwapo.

Nilifunga kitabu, nikakaa tu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, nakiri, ni kwamba nani atajua? Kadi ya posta inaonyesha mnara, msomaji ameizoea kadi ya posta, mambo yamekwisha. Lakini kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona kwamba kosa la tarehe lilikuwa dalili tu ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni kwamba nilikuwa sikuandika juu ya Unguja. Niliandika juu ya picha ya Unguja. Ndiyo maana sura yangu haina harufu, haina mlinzi wa mlango, haina mtu anayemuuliza Mabruki anakwenda wapi. Katika picha hakuna mtu anayekuuliza unakwenda wapi.

Sasa tuwatazame wenzetu wakubwa waliolifanya jambo hili vizuri. Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya iliyotoka mwaka 1978. Kasri lipo tangu kwenye jina la kitabu, lakini mwandishi hatusimamishi nje tulishangae. Anatuingiza na Kijakazi, mtumishi aliyezeeka akimhudumia bwana wake. Ukubwa wa nyumba ile tunaujua kwa uchovu wa mwili wa Kijakazi. Kila chumba kwake ni kazi. Hapo mandhari na dhamira vinakuwa kitu kimoja, kama walimu wetu walivyokuwa wakituambia na sisi tukikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Mtazame na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf amewekwa rehani kwa sababu ya deni la baba yake. Katika nyumba ya tajiri kuna bustani iliyozungushiwa ukuta. Uzuri wa bustani ile unauma kwa sababu si yake, na kila anapoingia ni lazima tujue anaingia kwa ruhusa ya nani. Mimi Mabruki wangu niliingia naye ikulu kama anaingia kilabuni.

Na wa tatu ni Salme binti Said, dada yake Barghash mwenyewe, anayejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Nilizisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha kidato cha nne, kamusi pembeni. Anaeleza kwamba watoto wa kike katika nyumba ile walifundishwa kusoma, lakini si kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ilipofika njama ya mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme akawa mwandishi wa barua za wenye njama kwa sababu ya ujuzi uleule wa siri. Binti wa mfalme, anaishi ndani ya kasri, na bado kuna mlango mmoja aliofungiwa. Akautafutia ufunguo kwenye mfupa. Ningeweza kukaa miaka kumi nikibuni, nisingebuni ule mfupa.

Huo ndio ujumbe wangu wa leo kama mhakiki. Hadithi nyingi tunazoandika sisi chipukizi zimejaa majumba. Kuna kasri, kuna hoteli ya nyota tano, kuna ghorofa la bosi Masaki, kuna chuo kikuu cha Ulaya ambako mhusika anarudi na shahada. Wahusika wetu wanatoka Mbagala na Mwananyamala, lakini wanaingia katika majumba hayo bila kugonga. Hakuna mlinzi, hakuna daftari la wageni, hakuna anayetazamwa viatu. Halafu tunasema tunaandika juu ya matabaka! Tabaka lipo pale mlangoni, ndugu zangu, na sisi mlango tunauruka.

Najua nitajibiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba riwaya ni ubunifu, si cheti cha kuzaliwa. Nakubali. Sisemi kila tarehe ithibitishwe. Ukitaka kujenga mnara wako mwenyewe katika mji wako wa kubuni, jenga, uupe hata ngazi elfu. Lakini ukichukua jina la Beit al-Ajaib na tarehe 27 Agosti 1896, umeazima mali ya watu. Siku ile, kwa hesabu inayotajwa sana, watu kama 500 wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa katika vita visivyofika hata saa moja. Mali ya namna hiyo huazimi ukairudisha imevunjika.

Pili nitaambiwa kwamba utafiti ni wa wenye nafasi. Hapo pana uzito zaidi, kwa sababu ni kweli. Siku moja nilifungua ensaiklopidia humo maktaba nikasoma habari za Klementinum, katika mji wa Prague huko Ucheki. Pale mnara na maktaba viko ndani ya eneo moja. Ukumbi wa vitabu na mnara wa kutazamia nyota vyote ni vya mwaka 1722, mnara una urefu wa mita 68, na hali ya hewa imekuwa ikiandikwa pale kila siku tangu mwaka 1775. Mtunzi wa mji ule akitaka kujua kama siku fulani ya mwaka 1896 kulikuwa na baridi, anauliza, anajibiwa. Niliona wivu, siwafichi. Mimi sijui kama asubuhi ile Unguja kulikuwa na mawingu.

Lakini tusijidharau kupita kiasi. Barghash huyohuyo wa maajabu alianzisha Unguja matbaa ya kuchapa vitabu, kwenye mwaka 1880 hivi, kabla hata ya jumba lake kusimama. Vilichapwa pale vitabu vya dini na sheria vya madhehebu ya Ibadhi, kikiwamo Qamus al-Sharia chenye majuzuu mengi. Jumba linajulikana na kila mtalii. Matbaa ni nani kati yetu anaijua? Mimi nimeandika kurasa mia mbili juu ya Unguja ya wakati ule na sikuweka mchapaji hata mmoja, mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuchapa!

Mwaka 2022 nilivuka kwenda kuona kwa macho. Nauli nilichanga miezi mitatu. Nilipita Mnara wa Saa wa hapa Dar, uliojengwa mwaka 1961 mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji, nikajiuliza kwa mara ya kwanza maishani ni nani anayeshughulikia ile saa. Nimepita pale mara mia. Swali la yule dada lilikuwa limeshaniharibu.

Boti ilichukua kama saa mbili. Nikashuka, nikatembea mpaka Forodhani. Mnara haukuwapo. Nilijua hautakuwapo, maana ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu kubwa ya mbele ya jumba, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Nilitazama ile sehemu wazi ambapo nilimsimamisha Mabruki wangu. Mnara wa kwanza mizinga iliuvunja. Wa pili ulisimama miaka 123, ukaanguka siku ambayo hakuna aliyeurushia hata jiwe.

Nilikaa kwenye ukuta wa bustani, nikatoa sura ya saba nikaisoma yote polepole, bahari iko mbele yangu. Bahari ilinishitaki zaidi. Niliandika kwamba Mabruki anahesabu manowari "mbali kwenye upeo wa macho". Kumbe bandari ile iko pale miguuni. Zilikuwa karibu. Mtu aliyesimama chini, bila mnara wowote, aliziona. Hakuhitaji kupanda popote, na hakuwa na pa kukimbilia. Hofu yote ya asubuhi ile ilikuwa katika ukaribu huo, na mimi niliitupa ili nipate ngazi na kengele.

Kuna jambo moja zaidi ambalo maktaba ilinipa. Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti siku mbili tu kabla ya mizinga, alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, nao baadaye wakamvusha baharini. Wakamleta wapi? Dar es Salaam. Akaishi huku bara chini ya Wajerumani mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu. Riwaya yangu nilikuwa nimeiua kwa mizinga sura ya nane kwa kukosa pa kuipeleka. Kumbe nusu yake ilivuka ikaja kwetu.

Niliporudi nilimpigia mchapishaji simu nikamwomba anirudishie mswada. Kaka yangu aliniambia mimi ni mwendawazimu, watu wanalia miaka wasomwe, na wewe unakwenda kuomba usisomwe. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kuna tarehe moja haijakaa sawa. Mswada nilirudishiwa, na sijui kama mlango ule utafunguliwa tena.

Sura ya saba mpya ni fupi. Mabruki yuko chini, na mzigo begani. Mbele ya mlango wa Sultani yuko bawabu, ana jina, ana kikohozi, na anamkatalia. Nimeiandika mara nne na bado haijatulia. Haina makofi ndani yake, hilo naliona. Jumamosi ijayo nitaisoma Kinondoni, na safari hii nimemwomba yule dada akae mbele.